Ukuta wa Matumbawe Hautibiwi kwa Saruji

Magofu ya Gedi, mji wa kale wa Waswahili yapata kilomita 16 kusini mwa mji wa Malindi, yalianza kutambuliwa rasmi mwaka 1927. Mwaka 1948 yakafanywa mbuga ya taifa, na James Kirkman akaanza uchimbuzi wa kiakiolojia uliochukua miaka 10. Tangu 1969 yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2024 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria, basi, ipo. Lakini sheria humzuia mtu. Haizuii maji, na maji ndiyo yanayoangusha kuta za Gedi.

Ukuta wa mawe ya matumbawe una nyuso mbili zilizojengwa kwa mawe na chokaa, na katikati umejazwa kifusi kilichoshikwa kwa chokaa na udongo. Zamani juu yake palikuwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti sakafu nzito ya chokaa iliyopondwa mpaka ikashikana. Paa hilo likishaanguka, kichwa cha ukuta hubaki wazi. Mvua huingia kwa juu, huosha kifusi cha katikati polepole, na nyuso mbili zile huachana. Ukiona tumbo limetokeza ukutani, jua kwamba ndani tayari pana uwazi. Kuziba nyufa za pembeni bila kutazama juu ni kazi bure.

Fundi mwenye haraka hapo hukimbilia saruji, na ni kosa baya. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi. Hunywa maji, kisha huyatoa hewani kupitia viungo vya chokaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi maji kwa urahisi. Ukiziba viungo kwa saruji, unyevu hulazimika kutokea kwenye jiwe, nao hubeba chumvi. Maji yanapokauka, chumvi huganda ndani ya vitundu, huvimba na kupasua uso wa jiwe. Baada ya misimu michache utaona viungo vya saruji vimesimama imara kama mbavu, huku mawe yaliyo kati yake yamelika na kuwa unga. Nondo ni hatari zaidi, kwa maana chuma kikishika kutu hutanuka na kupasua kila kilichokizunguka.

Dawa ni chokaa, nayo inataka subira. Chokaa ya tanuri hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu yake, kwa sababu huchemka na kuruka, na tone moja linaweza kupofua jicho. Vaa miwani na glavu. Iache shimoni ikiwa imefunikwa na maji kwa miezi 3 au zaidi, mpaka iwe laini kama siagi. Chokaa ya unga ya dukani iloweke walau saa 24 kabla ya kuitumia, na usinunue mfuko uliokaa wazi muda mrefu, maana umekwisha kufa kwa hewa.

Changanya sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga mkavu wa mtoni wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanga wa ufuoni una chumvi, achana nao. Ili kuupima mchanga, tia kiasi ndani ya chupa ya maji, itikise, uiache itulie. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya kina cha mchanga, uoshe kwanza. Mchanganyiko usiwe na maji mengi. Ushike mwikoni bila kudondoka.

Kiungo kilichooza kichimbuliwe kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, si kwa mashine ya umeme, hadi kina cha mara mbili ya upana wake na kisipungue sentimita 2.5. Ondoa vumbi, lowesha jiwe, kisha sindilia chokaa kwa tabaka zisizozidi sentimita moja kila moja. Palipo na shimo kubwa, tia vipande vya mawe ndani yake. Chokaa tupu ikijazwa kwa wingi hunywea na kupasuka. Funika kwa gunia bichi na uliloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7 au zaidi. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Hugeuka kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya kaboni, na bila unyevu haiwezi. Ndiyo maana kazi ya jua kali la kaskazi hubomoka kwa kidole. Wakati mzuri ni baada ya masika, kusi inapovuma na jua limepoa.

Kichwa cha ukuta kivikwe kofia ya mawe madogo na chokaa, iinamishwe kidogo ili maji yateremke yasituame.

Kisha miti. Mche wenye mzizi usiozidi unene wa kalamu hung'olewa kwa mkono, ukuta ungali umelowa. Mzizi mnene wa mkuyu usivutwe kamwe, kwani utatoka na mawe. Ukate, uache ufe, uzibe mahali pake baadaye. Mti uliokumbatia ukuta pande zote huenda ndio unaousimamisha, kwa hivyo aitwe mtaalamu kwanza. Wala si sawa kufyeka msitu wote, maana kivuli chake hukinga kuta na jua.

Nakshi za vibla, yaani vidaka vya msikitini vinavyoelekea Makka, na za miimo ya milango zilichongwa kwa matumbawe laini yaliyokatwa baharini. Leo hayakatwi tena: hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Kwa hiyo kila kipande kilichoanguka kina thamani. Kipige picha palepale kilipo, kipe namba, kihifadhi pakavu, na kirudishwe ukutani pale tu mahali pake panapojulikana kwa hakika.

Plasta kuukuu nayo isipondwe ili kupata uso safi. Kaburi moja la Gedi lina mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399, uliochongwa kwenye plasta yenyewe. Plasta iliyoachana na ukuta hugundulika kwa kugonga taratibu kwa kifundo cha kidole: ikitoa sauti tupu, isibanduliwe. Kingo zake hushikizwa kwa chokaa laini, na nyuma yake hudungwa chokaa nyepesi kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, mpaka sauti ile ijae.