Watu wa nyuma ya ukuta katika mbio za NASCAR

Kila nikiwaeleza ndugu zangu walioko nyumbani kazi ninayofanya, swali ni lile lile: "Magari yenyewe yanazunguka kushoto tu, sasa fundi ana kazi gani hapo?" Mimi ni fundi wa springi na shokomzoba katika timu ndogo inayoshindana Jumamosi usiku hapa North Carolina, kwenye viwanja vya lami ambavyo mzunguko wake haufiki hata kilomita moja. Walionifundisha kazi wamepita katika timu kubwa za NASCAR, shirika linaloendesha mbio za magari hapa Marekani, na baadhi yao bado wapo huko. Leo nataka kulijibu swali hilo kwa kirefu, maana huko kuzunguka kushoto ndiko kunakompa fundi uzito sawa na dereva katika mchezo huu.

Tuanze na gari lenyewe. Linapokata kona kwenda kushoto, uzito wake hulalia kulia, na tairi la mbele la kulia ndilo linaloteseka kuliko yote. Kwa kuwa kona zote ni za upande mmoja, hakuna sababu ya kuliunda gari liwe sawa kulia na kushoto. Sisi huku chini tunasogeza vitu vizito upande wa kushoto mpaka pale kanuni zinapotuzuia. Springi nne zina ugumu wa aina nne. Matairi ya mbele, ukiyatazama ukiwa umesimama nyuma ya gari, yote mawili yamelaza vichwa kushoto. Tairi la nyuma la kulia lina mzingo mkubwa kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo kwenye sehemu iliyonyooka dereva hulazimika kuushikilia usukani, la sivyo gari linajivuta lenyewe kuelekea ndani ya uwanja. Ukilipeleka gari hilo sokoni kununua nyanya, utachoka mikono kabla ya kufika.

Kisha tunalipandisha kwenye mizani, kila tairi na mizani yake. Tunajumlisha uzito wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, tunaugawanya kwa uzito wa gari zima, tunapata asilimia. Namba hiyo ndiyo ninayoilalia na kuiamkia. Ikipanda mno, gari linakaza: dereva anakata usukani lakini pua inaendelea kuelekea ukutani. Ikishuka mno, gari linalegea: mkia unateleza na kutaka kuipita pua. Zamu moja ya bolti inayobana springi ya nyuma inatosha kumtoa dereva katika nafasi ya tatu na kumtupa ya kumi na mbili.

Ujanja huu wa springi ni mkongwe kuliko ubingwa wenyewe. Desemba 1947, mwandaaji wa mbio Bill France aliwakutanisha waandaaji wenzake, madereva na mafundi katika hoteli ya Streamline mjini Daytona Beach, Florida, na kutokana na kikao hicho NASCAR ikaanzishwa rasmi Februari 1948. Mbio za kwanza za daraja la magari yaliyotoka dukani bila kubadilishwa zilifanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949. Aliyemaliza wa kwanza alikuwa Glenn Dunaway, tena kwa mbali. Wakaguzi wakaingia chini ya gari lake, wakakuta springi za nyuma zimekazwa. Lilikuwa gari la kusafirishia gongo, na wasafirishaji wa gongo wa milima ya kusini walizikaza springi ili gari lililosheheni pombe lisikalie matako na kuwashtua polisi. Springi hizo hizo zilililaza gari vizuri kwenye kona. Dunaway akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper aliyekuja kutoka Kansas na gari aina ya Lincoln. Mwenye gari alienda mahakamani, akashindwa. Kwa maoni yangu siku ile ndiyo iliyoamua tabia ya mchezo huu mpaka leo: mkaguzi anapiga magoti chini ya gari, fundi amesimama pembeni anasubiri hukumu, na mbio haziishi mpaka mkaguzi ainuke.

Magari ya sasa hayatoki dukani. Tangu 2022 daraja la juu linatumia gari la kizazi kipya ambalo sehemu zake nyingi hununuliwa kwa watengenezaji walioteuliwa, kila timu inapata zilezile. Chevrolet, Ford na Toyota hutofautiana kwa sura na kwa injini, na injini zote ni za silinda nane zenye ujazo wa lita 5.86. Wengi wanadhani hilo limempunguzia fundi umuhimu. Mimi naliona kinyume. Vyuma vikifanana, kinachobaki kutofautisha timu na timu ni anayevipanga, na anayevipanga hapo juu ni fundi mkuu.

Fundi mkuu hukaa kwenye kiti kirefu nyuma ya ukuta wa eneo ambalo magari husimama kuhudumiwa, masikioni ana redio. Dereva humwambia gari limekaza au limelegea, na humwambia wapi: kuingia kona, katikati, au kutoka. Kila jibu lina dawa yake, na dawa ya mahali pamoja mara nyingi huharibu pengine. Mtihani mgumu kuliko yote, nionavyo mimi, ni Coca-Cola 600 inayofanyika Charlotte mwishoni mwa Mei. Ni maili 600, yaani kilomita 965 hivi, mizunguko 400. Mbio huanza jua likiwa bado kali na kuisha usiku. Lami yenye joto huteleza. Ikipoa, matairi hushika, na gari lililokuwa tamu saa kumi na mbili jioni laweza kuwa halishikiki saa nne usiku. Fundi mkuu hodari huandaa gari ambalo mwanzoni halimpendezi dereva, kisha humtuliza redioni kwa saa nzima mpaka lami ipoe na gari lianze kumfaa. Ukitazama mbio hizo bila kulijua hili, utadhani aliyekuwa wa kumi na tano amebahatika.

Sasa kusimama kubadilisha matairi. Wanaoruhusiwa kuruka ukuta kulihudumia gari ni watano: wawili wa kufungua na kufunga matairi, mmoja wa kuyabeba, mtu wa jeki, na mjaza mafuta. Mtu wa jeki hukimbia mbele ya gari linaloingia, hulipandisha upande wa kulia kwa pampu moja au mbili, matairi mawili hutoka na mawili huingia, jeki inashuka, wote wanazunguka kwenda kushoto na kurudia. Mjaza mafuta hana pampu wala hozi ndefu. Anabeba dumu la lita 40 hivi begani, analichomeka, na mafuta yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Zamani rimu za chuma za inchi 15 zilifungwa kwa nati tano. Tangu 2022 rimu ni za alumini za inchi 18 zenye nati moja katikati, na matairi manne hubadilishwa kwa sekunde tisa hadi kumi na moja. Gari lenye kasi ya kilomita 290 kwa saa hukata mita 80 kwa sekunde, kwa hiyo nati iliyokataa kuingia mara ya kwanza ni umbali ambao dereva anaweza asiurudishe usiku mzima.

Waliotufundisha kwamba hapo ndipo mshindi wa mbio hupatikana ni ndugu wawili wa mji mdogo wa Stuart, Virginia: Glen na Leonard Wood, walioanzisha timu yao 1950. Wakati timu nyingine zilikuwa zinasimama kama watu waliopata pancha safarini, wao walikuwa wanapanga nani akanyage wapi, wanazirekebisha jeki zao ziinue haraka, wanachunguza namna mafuta yanavyoshuka. Mwaka 1965 kampuni ya Ford iliwapeleka kwenye mbio za Indianapolis 500 kumhudumia Mskoti Jim Clark, aliyekuwa anaendesha Lotus, gari la aina ambayo hawakuwa wameizoea. Clark alisimama mara mbili tu, kwa muda mfupi uliowashangaza watu wa Indianapolis, akaongoza mizunguko 190 kati ya 200 na kushinda. Timu ya Wood Brothers ipo hadi leo, na gari lao namba 21 bado linaingia uwanjani.

Katika miaka ya 1990 likaja badiliko jingine. Timu ya Hendrick, ambako Ray Evernham alikuwa fundi mkuu wa dereva Jeff Gordon, ilimchukua Andy Papathanassiou, aliyewahi kucheza futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Stanford, awafunze warukaji ukuta kama wanamichezo: mazoezi ya viungo, kurekodi video na kuitazama pamoja, kurudia hatua ile ile mpaka mwili uikariri. Leo wengi wanaoruka ukuta walikuwa wachezaji vyuoni. Brehanna Daniels alitoka kwenye mpira wa kikapu wa Norfolk State, akaingia programu ya kuwafunza vijana kutoka jamii ambazo mchezo huu uliziacha nje, na 2018 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kubadilisha matairi katika mbio za daraja la juu. Wazee walionifundisha hulalamika kwamba kijana wa siku hizi anafunga tairi la gari asilolijua. Nawaelewa, lakini nikiitazama kazi ya miguu ya mtu wa jeki aliyefunzwa vizuri, nashindwa kuutamani utaratibu wa zamani.

Kuna mtu mmoja ambaye kazi hizi zote zilikuwa zake. Wendell Scott wa Danville, Virginia, alikuwa fundi wa magari katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia, akarudi kwao akaendesha teksi na kusafirisha gongo. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio wa eneo lake walikuwa wanatafuta dereva mweusi wa kuwavutia watazamaji. Wakawauliza polisi, na polisi wakalitaja jina la mtu waliyekuwa wakimkimbiza usiku. Scott aliingia daraja la juu 1961. Alinunua vipuri vilivyotumika, aliunda injini mwenyewe, alilivuta gari mwenyewe mpaka uwanjani, na mafundi wake walikuwa wanawe. Tarehe 1 Desemba 1963, kwenye uwanja wa vumbi wa Jacksonville, Florida, alishinda. Bendera ya ushindi ikapeperushwa kwa Buck Baker, kombe akapewa Baker, na saa kadhaa baadaye, watu walipokwisha kuondoka, wasimamizi wakakiri kwamba mshindi alikuwa Scott, tena kwa tofauti ya mizunguko miwili. Walisema ni kosa la kuhesabu. Hilo siliamini. Familia yake ilikabidhiwa kombe 2021, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake. Alianza mbio 495 za daraja la juu, na ajali ya 1973 kwenye uwanja wa Talladega ndiyo iliyomlazimisha kustaafu. Mimi ninayejua gharama ya seti moja ya shokomzoba, namba hiyo 495 huniinamisha kichwa kuliko ubingwa wa mtu yeyote. Dereva mweusi wa pili kushinda katika daraja hilo, Bubba Wallace, alishinda Talladega Oktoba 2021.

Siwezi kuacha kuwataja waliofanya watu hawa warudi nyumbani wazima. Mpaka 1991 hakukuwa na kikomo cha kasi kwenye njia ya kuingilia sehemu ya kusimama. Novemba 1990 kule Atlanta, gari liliteleza katika njia hiyo na kumwua Mike Rich, mbadilisha tairi wa timu ya dereva Bill Elliott. Kikomo kikawekwa baada ya hapo. Miaka kumi baadaye vikaja vifo vya madereva vilivyofuatana: Adam Petty, Kenny Irwin na Tony Roper mwaka 2000, kisha Dale Earnhardt katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500, tarehe 18 Februari 2001. Kichwa chenye kofia nzito hurushwa mbele wakati mwili umefungwa mikanda, na shina la fuvu halihimili. Robert Hubbard, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alikuwa ameshatengeneza kola ya kuzuia jambo hilo tangu miaka ya 1980, pamoja na shemeji yake Jim Downing, aliyekuwa dereva wa mbio. Madereva wengi waliikataa kwa madai kwamba inawabana. Ilipofika Oktoba 2001 kuzuia kichwa kukawa lazima. Kundi la Dean Sicking katika Chuo Kikuu cha Nebraska nalo likabuni ukuta wa vyuma na povu unaobonyea na kumeza nguvu ya gari, uliowekwa kwanza Indianapolis 2002. Tangu Earnhardt hakuna dereva aliyefariki katika mbio za madaraja matatu ya kitaifa ya NASCAR. Ryan Newman, ambaye gari lake lilipinduka na kugongwa upande wa dereva mwishoni mwa Daytona 500 ya 2020, alitoka hospitali siku mbili baadaye akitembea kwa miguu yake, ameshikana mikono na binti zake wawili.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkipata mbio hizi kwenye televisheni au simu, msifuate gari linaloongoza muda wote. Redio za timu haziko siri. Matangazo huzirusha, na mashabiki uwanjani hukodi vipokezi vya kuzisikilizia. Chagueni timu moja. Dereva akisema limelegea kutoka kona ya pili, subirini asimame, kisha angalieni kioo cha nyuma cha gari: kuna tundu dogo, na mtu mmoja ataingiza spana ndefu na kuizungusha ile bolti ya springi ya nyuma huku wenzake wanafunga matairi. Jeki ikishuka upande wa kushoto, dereva anaondoka; hiyo ndiyo ishara yake. Hesabuni mizunguko kumi, kisha msikilizeni tena anasema nini kuhusu kona ya pili.