Storting si "kitu kikubwa"

Nimeisoma tena juzi: eti Wanorwei wameliita bunge lao, Storting, "kitu kikubwa". Jamani, basi! Stor ni kubwa, hilo halina ubishi. Kinachowaponza watu ni ting, wanayoichukua kuwa ni kitu tu.

Wanaosema hivyo wameipindua historia, kichwa chini miguu juu. Katika Kinorsi cha kale, lugha iliyozaa Kinorwei, þing (herufi þ husomwa th) ni mkutano wa watu huru wa kutunga sheria na kukata kesi. Mabaraza ya kale ya Norwei, Gulating na Frostating, yalikutana karne nyingi kabla ya Katiba ya Norwei iliyoandikwa Eidsvoll mwaka 1814 kuunda Storting. Maana ya kitu ilizaliwa humo barazani: mkutano ukawa kesi inayosikilizwa, kesi ikawa jambo lolote, jambo likawa hata chombo cha kushika mkononi. Causa ya Kilatini, yaani kesi, ilipita njia hiyohiyo hadi cosa ya Kiitaliano. Na shauri letu je? Limetoka kwenye kushauriana, likafika mahakamani, leo tunaambiana "shauri yako" bila hakimu wala mzee wa baraza.

Isitoshe, Kinorwei cha leo hakizichanganyi maana hizo mbili, baraza na kitu. Hapa subira hunishinda, maana mtu aliyekua na ngeli mdomoni hakupaswa kupitwa na hili. En ting, jinsia ya kiume, ni kitu. Et ting, jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, ni baraza. Ndiyo maana wanasema Stortinget, kwa -et ya mwishoni inayofuata et, kamwe si Stortingen. Ndege huyu anataga, ndege hii inatua: nani kati yetu hukosea hapo?

Nyuma zaidi ya hapo, vitabu hutaja neno la Kigothi, lugha ya kale ya Kijerumaniki, þeihs, "wakati", na kuhitimisha kwamba þing ni mkutano wa siku iliyowekwa. Undugu wa maneno hayo naukubali. Hatua za katikati zimejengwa na wataalamu, hazikuandikwa popote. Kuna pia jiwe la karne ya 3 huko Housesteads, kwenye ukuta wa Hadrian uliojengwa na Waroma kaskazini mwa Uingereza, ambapo askari wa Kijerumaniki wa jeshi la Roma walimtaja Mars Thincsus, yaani mungu wa vita wa Waroma, Mars, na jina la ziada linalofanana na þing. Wengi humwita mungu wa baraza. Huenda, ila jiwe limetoa jina tu, kazi yake halikuisema.

Ushahidi ulio hai ni mahakama. Kesi nyingi Norwei huanzia tingrett, mahakama ya ngazi ya kwanza, na jina la Gulating sasa ni la mahakama ya rufaa iliyoko Bergen. Kwa hiyo unayetafsiri, andika Baraza Kuu, au liache neno Storting lilivyo.