Kubizimu ni nini? Picha zilizomshinda Roosevelt mwaka 1913

Tarehe 4 Machi 1913, Woodrow Wilson alikuwa Washington akiapishwa kuwa rais wa Marekani. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais kabla na ambaye Wilson alimbwaga katika uchaguzi wa 1912, siku hiyo alikuwa New York akitazama picha. Ni Roosevelt yuleyule aliyeshuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kutoka madarakani, akaelekea bara kuwinda wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian huku akifuatwa na msururu mrefu wa wapagazi.

Maonesho yalikuwa ndani ya jengo la jeshi (armory kwa Kiingereza) la Kikosi cha 69, ndiyo maana hadi leo yanaitwa Armory Show. Kulikuwa na kazi zipatazo 1,300, nyingi za Wamarekani wenyewe, lakini zilizozua gumzo zilitoka Ulaya, hasa zile za chumba kimoja ambacho watu walikibatiza jina la chumba cha vitisho. Humo ndimo walimowekwa wachoraji wa kubizimu.

Roosevelt aliandika maoni yake katika jarida la The Outlook mwishoni mwa mwezi huohuo, na hakujifanya mtaalamu. Aliwasifu waandaaji kwa kukataa uchovu wa sanaa iliyozoeleka, akasema ni vyema watu waone mambo mapya. Ila alipofika kwa wakubizimu alitania waziwazi: hao, alisema, wanawafaa wale wanaofurahia picha za mafumbo za magazeti ya Jumapili. Halafu akaongeza kwamba bafuni kwake kuna zulia zuri la Wanavajo, wenyeji asili wa Marekani, ambalo, ukifuata nadharia ya wakubizimu, ni picha bora kuliko yao.

Wengi wetu tukisimama leo mbele ya picha ya aina hiyo tunasema maneno yanayofanana na hayo, bila zulia. Kwa hiyo tuanze na maana.

Kubizimu ni namna ya kuchora iliyozaliwa Paris kuanzia 1907 mikononi mwa Pablo Picasso, Mhispania, na Georges Braque, Mfaransa. Mchoraji wa kubizimu haonyeshi kitu kama kinavyoonekana ukiwa umesimama mahali pamoja. Anakivunja vipande, anavipanga upya juu ya turubai, na pande kadhaa za kitu hicho zinaonekana kwa wakati mmoja. Jina lilitokana na kejeli ya mkosoaji Louis Vauxcelles, aliyeona michoro ya nyumba ya Braque mwaka 1908 akasema jamaa huyu anageuza kila kitu kuwa michemraba, cubes kwa Kifaransa. Kejeli ikaganda.

Kilichokuwa kinavunjwa hasa ni kanuni, zaidi ya umbo la nyumba. Tangu karne ya 15 huko Italia, wachoraji wa Ulaya walifuata hesabu moja ya kuonyesha umbali: cha karibu kiwe kikubwa, cha mbali kiwe kidogo, na mistari yote ya sakafu na kuta ikutane kwenye nukta moja huko nyuma. Hesabu hiyo ina sharti ambalo hatulitambui kwa sababu tumeizoea: mtazamaji awe na jicho moja, asimame palepale, asitikisike. Kamera nayo inatii sharti hilohilo, na kufikia 1907 kamera ilikuwa inaifanya kazi hiyo kwa haraka na kwa bei nafuu kuliko mchoraji yeyote.

Lakini hakuna anayevijua vitu kwa namna hiyo. Mtu anayenunua pikipiki ya mitumba huizunguka, huchuchumaa akachungulia injini, hupapasa tairi, hurudi mbele kuitazama taa, kisha hupanda akasikia uzito wake. Anachokuwa nacho kichwani baada ya hapo ni pande zote hizo zikiwa zimeshikana, na hakuna picha moja ya kamera inayoweza kukibeba. Picasso na Braque walitaka kuchora ujuzi wa namna hiyo.

Hawakuanzia hewani. Paul Cézanne, aliyefariki 1906, alikuwa ameshaanza kuchora meza ambazo ukingo wake wa kushoto na wa kulia havikubaliani, kana kwamba alisogea akiwa anachora. Maonesho makubwa ya kumkumbuka yalifanyika Paris mwaka 1907. Mwaka huohuo Picasso alitembelea makumbusho ya Trocadéro, akakuta vinyago vya Kiafrika vilivyowekwa kama vielelezo vya makabila, wala si kama sanaa. Wachongaji wa vinyago hawakuwahi kufungwa na ile hesabu ya Italia: pua inaweza kuwa kabari, jicho likawa tundu au likatokeza nje kama bomba, na bado uso ni uso. Athari yake inaonekana kwenye nyuso mbili za kulia katika Les Demoiselles d'Avignon, turubai kubwa ya wanawake watano aliyoichora mwaka huo. Majina ya wachongaji wale hayakuandikwa popote. Hilo ni deni ambalo historia ya kubizimu hulitaja kwa sentensi moja na kupita, nami naona halistahili kupitwa kirahisi hivyo.

Njia rahisi ya kuielewa kubizimu ni kukaa na picha moja. Chukua Violin and Palette ya Braque, ya 1909, iliyopo makumbusho ya Guggenheim, New York. Ni ndefu na nyembamba, rangi zake ni kahawia, kijivu na kijani kilichofifia. Chini kuna fidla, na ukiitafuta kama fidla utaipata: matundu mawili ya sauti, nyuzi, shingo. Ila tumbo lake limekatwakatwa, kipande kimoja kinakutazama mbele na jirani yake kimegeuka ubavu. Juu yake karatasi za muziki zimekunjamana kama zenyewe nazo ni vigae. Halafu panda hadi juu kabisa. Kibao cha kuchanganyia rangi kimetundikwa ukutani, na kimetundikwa kwenye msumari wa kawaida kabisa, unaotokeza mbele na kuangusha kivuli chake kwa ufundi wa shule ya zamani. Braque anakuonyesha kwamba angetaka, angeweza kuichora fidla nzima kwa mtindo huo. Hakutaka. Anayesema wakubizimu walivunja vitu kwa sababu hawakujua kuchora, aanze na msumari huo.

Rangi kufifia nako kulikuwa na sababu. Nyekundu kali ingevuta jicho kabla halijamaliza kuzifuata pande za kitu. Kati ya 1909 na 1912 wawili hao walifanana mno kwa rangi na kwa mkono, hata leo mgeni akiondoa vibao vya majina atapata taabu kusema ipi ni ya nani.

Sasa turudi New York. Picha iliyochekwa kuliko zote kwenye maonesho yale ilikuwa Nude Descending a Staircase, No. 2, ya Marcel Duchamp, kijana wa miaka 25. Roosevelt aliitania kama mtu uchi anayeshuka ngazi. Jarida la American Art News liliahidi dola 10 kwa atakayefanikiwa kumpata huyo mtu ndani ya picha. Umma wa Marekani ukaondoka na imani kwamba hiyo ndiyo kubizimu.

Wakubizimu wa Paris wenyewe walikuwa wameshaikataa. Mwaka mmoja kabla, Machi 1912, Duchamp aliipeleka kwenye maonesho yao ya Salon des Indépendants, nao wakawatuma kaka zake wamwombe abadilishe japo jina. Alikodi teksi, akaichukua picha yake akaondoka. Tofauti yao si ndogo. Kwa Braque fidla imetulia, anayezunguka ni mtazamaji. Kwa Duchamp mtazamaji ametulia na mwili ndio unaosogea, hatua baada ya hatua, kama zile picha za kamera za Mfaransa Étienne-Jules Marey zilizonasa mwendo mzima wa mtu kwenye bamba moja la kioo. Pembe nyingi na rangi ya kahawia havitoshi kuifanya picha kuwa kubizimu. Uliza kwanza nani anasogea.

Na lile zulia? Roosevelt alipatia nusu. Zulia la Wanavajo na picha ya kubizimu vyote vinakubali kwamba ni uso bapa, havidanganyi jicho kwamba kuna chumba nyuma yake. Lakini zulia halidai kuna fidla ndani yake. Kubizimu, hata pale inapokuwa ngumu kupita kiasi, haikuacha kitu kabisa: siku zote kuna chupa, gitaa, gazeti, mwanamke aliyekaa. Kukiita kila kisichoeleweka pambo ni kuikwepa kazi ya kukitafuta kitu hicho.

Ugumu huo uliwachosha hata wenyewe. Mwaka 1912 Picasso alichukua turubai ndogo ya duaradufu, akaibandika kipande cha kitambaa cha meza kilichochapishwa kiwandani ususi wa henzirani, ule wa viti vya mgahawa. Kuzunguka na juu yake akachora kwa mtindo wake wa kuvunjavunja vitu vya mezani pamoja na herufi JOU, ambazo ni mwanzo wa neno la Kifaransa la gazeti, kisha akaizungushia kamba halisi badala ya fremu. Hiyo inaitwa Still Life with Chair Caning, na toka hapo kubandika karatasi na vitambaa kukawa sehemu ya uchoraji. Sehemu pekee ya picha hiyo ambayo mtu yeyote anaitambua papo hapo ni ule ususi, na ni mashine iliyouchora.