Je, wajua kwa nini maua haya ni ya buluu ng'ambo hii ya korongo na meupe ng'ambo ile?

Kusini mwa California, pembezoni mwa Jangwa la Mojave, kuna kikorongo kisicho na kina kirefu. Mwaka wenye mvua ya kutosha, upande mmoja wa kikorongo hicho maua madogo ya buluu hutapakaa ardhini. Ukivuka, yote ni meupe. Buluu haififii polepole kadiri unavyotembea, inakoma. Na mmea ni uleule pande zote mbili.

Jina lake ni Linanthus parryae. Jenasi ya Linanthus ina mimea midogo, mingi ya msimu mmoja, katika familia ya Polemoniaceae, yaani familia ya floksi zinazopandwa bustanini. Ni familia ya magharibi mwa Amerika Kaskazini zaidi ya kwingine kokote. Afrika Mashariki haina spishi hata moja ya asili. Parryae mara nyingi hauzidi urefu wa kidole. Huota baada ya mvua za majira ya baridi, huchanua, hutoa mbegu na kukauka kabla joto halijafika kilele. Anayetaka kuliona ua lake vizuri hana budi kulala kifudifudi mchangani. Rangi yake huamuliwa na jeni moja, na buluu ndiyo inayotawala: nakala moja ya jeni ya buluu inatosha kulipaka ua zima, ilhali ua jeupe linahitaji nakala mbili za nyeupe.

Jibu linalomjia mtu haraka ni wadudu. Rangi ya ua ni tangazo kwa wachavushaji, kwa hiyo labda upande huu wanapenda buluu na upande ule wanapenda nyeupe. Wachavushaji wa parryae ni mbawakawa wadogo sana, na mmea hauwezi kujichavusha wenyewe, kwa hiyo huwategemea kabisa. Lakini walipohesabiwa wakitua mauani, hawakuonyesha upendeleo wowote ulio dhahiri. Wanaingia kwenye buluu, wanaingia kwenye nyeupe.

Jibu la pili lina heshima zaidi, na limedumu vitabuni kwa miongo mingi: kwamba hakuna sababu. Ni bahati tu.

Lilianza hivi. Mwaka 1942 Carl Epling, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, na mwanajenetiki Theodosius Dobzhansky walichapisha sensa ya ua hili. Vituo vilikuwa zaidi ya 1,200, na kila kimoja walihesabu mimea takriban 100. Sehemu kubwa ilikuwa nyeupe tupu. Buluu ilijitokeza kwa madoamadoa, mahali pengine peke yake, pengine ikichanganyika na nyeupe, bila uhusiano ulio wazi na mazingira. Mwaka uliofuata Sewall Wright, mmoja wa waasisi wa hisabati ya mageuko, akazichukua takwimu hizo na kuzipigia hesabu. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mimea hii inazaliana katika vikundi vidogo mno, na vikundi vidogo huyumbishwa na bahati.

Hoja yake ni nzuri na inastahili kuelezwa taratibu, maana haikuanguka kwa sababu ya kuwa ya kipuuzi. Chukua kikundi cha mimea 20 inayochavushana yenyewe kwa yenyewe. Kila mmea una nakala mbili za jeni ya rangi, kwa hiyo jumla ni nakala 40. Tuseme mwaka huu 10 ni za buluu. Si kila mmea utaacha uzao: mmoja unakanyagwa, mwingine unatafunwa, wa tatu mbegu zake zinaangukia kwenye mwamba. Hakuna kati ya hayo kinachojali rangi. Mwakani nakala za buluu zinaweza kuwa 7, au zikawa 13. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna kinachozirudisha kwenye 10. Mwaka wa tatu hesabu inaanzia pale ilipofika. Zikiachwa ziyumbe hivyo vizazi vingi, mwishowe zitafika 0 au 40, na zikishafika hapo hazitoki, mpaka jeni iingie tena kutoka nje. Katika kikundi cha mimea 20,000 myumbo huohuo upo, ila ni mdogo kiasi cha kutoonekana.

Sasa ongeza umbali. Mbawakawa haendi mbali na mbegu hudondoka karibu na mama. Kikundi cha hapa na kile cha kilomita chache mbele havibadilishani jeni kwa kiasi cha maana, kwa hiyo kila kimoja kinayumba kivyake. Hiki kikaishia buluu, kile nyeupe. Wright aliita hali hii utengano kwa umbali, na ua la Mojave likawa mfano wake wa shambani. Alihitaji mfano kama huo. Huko Uingereza Ronald Fisher, mwanatakwimu na mwanajenetiki, alikuwa akishikilia kwamba bahati ina nafasi ndogo sana katika mageuko, na mabishano kati ya wawili hao hayakuwa ya upole.

Tatizo ni kwamba hoja nzima inasimama juu ya udogo wa kikundi, na jangwani mimea unayoiona si kikundi kizima. Mbegu za parryae hubaki hai ardhini miaka kadhaa, na kila mwaka huota sehemu tu. Epling mwenyewe ndiye aliyegeuka. Akiwa na wenzake, aliendelea kuhesabu maua kwenye eneo lilelile kwa zaidi ya muongo mmoja, na mwaka 1960 wakaandika kwamba idadi ya mimea hupanda na kushuka vibaya sana kutoka mwaka hadi mwaka, lakini uwiano wa buluu na nyeupe hausogei sana. Bahati ingetakiwa kuusogeza. Wright hakushawishika, mwaka 1978 bado alikuwa akizichambua takwimu za ua hili.

Ubishi uliletewa ushahidi mpya na Douglas Schemske na Paulette Bierzychudek, ambao hawakuishia kuhesabu maua bali walihesabu mbegu. Kwenye kituo kimoja karibu na mji wa Pearblossom walifuatilia kwa miaka 11. Katika miaka hiyo, 7 tu ndiyo iliyokuwa na mimea ya kutosha kupimwa, na katika 6 kati yake rangi mbili zilitofautiana waziwazi kwa wingi wa mbegu: miaka 3 buluu ilishinda, miaka 3 nyeupe. Kwa kawaida buluu ilishinda pale mvua ya Machi na Aprili ilipokuwa haba, nyeupe ilipokuwa nyingi. Wala tofauti haikuwa ya kutafuta kwa darubini: katika vituo vyote walivyochunguza, kuna miaka ambapo nguvu ya uteuzi asilia, yaani mazingira kuipendelea rangi moja kuliko nyingine, ilifika 0.60, maana yake rangi iliyoshindwa iliambulia asilimia 40 tu ya ufanisi wa mwenzake. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2001. Jaribio la kikorongo likafuata mwaka 2007, na ndilo ninaloliona tamu kuliko yote.

Kama utengano ndio uliotenga buluu na nyeupe pale, basi ulitenga kila kitu. Bahati haichagui jeni ya rangi na kuziacha nyingine. Mimea ya ng'ambo mbili ingepaswa kuachana pia katika jeni zisizohusiana na maua. Wakapima vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kemia ya mwili, vya mimea ya pande zote, kama alama za jeni hizo nyingine. Hakukuwa na mpaka. Kwa vimeng'enya kikorongo hakipo; kwa rangi kipo, tena kikali. Kisha wakapanda kila rangi kwa mwenzake na nyumbani kwake, na rangi ya wenyeji ndiyo iliyopendelewa, pande zote mbili. Udongo wa pande hizo ulikuwa tofauti, na hata mimea mingine iliyotawala haikuwa ileile. Huo ni uteuzi asilia, si bahati.

Linabaki swali la sehemu zenye mchanganyiko kama Pearblossom. Ikiwa kila mwaka kuna mshindi, mbona aliyeshindwa hamalizwi? Hapa mbegu zilizolala zinafanya kazi ambayo mkulima wa nyanda kame, wa Dodoma kwa mfano, anaielewa bila hisabati. Ghalani ana mbegu za mahindi na za mtama. Mvua ikiwa nzuri mahindi humlipa kuliko mtama. Ikikatika, mahindi hukauka na mtama ukavumilia. Kama angetoa ghala lote shambani kila msimu, ukame mmoja mkali ungemwachia mtama peke yake milele. Lakini anapanda sehemu na kubakiza sehemu. Msimu mbaya wa mahindi unakula yale yaliyopandwa, si yale yaliyohifadhiwa, na mvua inaporudi mbegu ya mahindi bado ipo. Kwa parryae ghala ni udongo. Mwaka wa ukame hauwezi kuifuta nyeupe, kwa kuwa nyeupe nyingi haikuota mwaka huo. Tofauti ni kwamba mkulima hupima mbegu kwa akili yake, ilhali jangwani mbegu hulala tu bila kujua lolote. Michael Turelli, akishirikiana na watafiti haohao wawili, aliandika hesabu kuonyesha kwamba miaka inayobadilikabadilika pamoja na akiba ya mbegu ardhini inaweza kuzihifadhi rangi zote mbili. Inaweza, haimaanishi ndivyo ilivyo kila mahali. Kwenye vituo vingine watafiti waliona kwamba kinachodumisha mchanganyiko zaidi ni jeni zinazoingia kutoka kwa majirani.

Halafu kuna jambo linaloshangaza zaidi ya yote: hawakugundua uteuzi huo unapitia wapi. Mbawakawa wameondolewa mashaka. Ukame ulionekana mshukiwa mzuri, basi wakapima kaboni katika mimea, kipimo kinachoonyesha jinsi mmea unavyobana matumizi ya maji, na rangi mbili hazikutofautiana. Huenda basi rangi si chochote kwa mmea wenyewe. Buluu ya maua ya aina hii hutokana na anthosiani, kemikali ya rangi iliyomo kwenye mimea, na mnyororo wa kikemia unaotengeneza anthosiani hutengeneza pia viambata vingine ambavyo katika mimea mingi husaidia kukabiliana na ukavu na mazingira magumu. Jeni inayougusa mnyororo huo inaweza kuwa inapimwa mizizini au majanini, na ua likabeba rangi kama lebo tu. Hiyo ni dhana. Ina mantiki, na udongo tofauti wa ng'ambo mbili za korongo unaipa nguvu kiasi, ila tafiti hizo hazikuithibitisha.

Hesabu ya Wright, kwa upande wake, haikufa na mfano wake. Wanajenetiki bado wanatumia utengano kwa umbali kwa samaki, kwa miti, hata kwa binadamu, na mara nyingi unawapa majibu sahihi.