Ruzuku ya mbinu za utafiti: maana yake, na kwa nini maandiko mengi ya kuomba fedha za utafiti wa afya hukosea mlango

Tangazo la ruzuku likipita kwenye makundi ya WhatsApp ya watafiti wa afya hapa Dodoma, swali la kwanza huwa lile lile: "Wanafadhili ugonjwa gani?" Kwa matangazo mengi ni swali la haki kabisa. Kwa ruzuku ya aina moja halina jibu, maana ruzuku hiyo haifadhili ugonjwa wowote. Inafadhili mbinu za utafiti unaomweka mgonjwa mbele: namna ya kuuliza, kupima, kupata washiriki, kuwafuatilia na kuchambua majibu yao.

Afisa wa Wakala wa Vipimo akipita soko la Majengo hahangaiki na utamu wa zabibu wala bei yake. Anakagua mizani. Ruzuku ya mbinu ni fedha ya kukagua na kurekebisha mizani ambayo watafiti wengine wataitumia kesho, kwa kisukari, kwa presha, kwa macho, kwa lolote.

Utafiti unaomweka mgonjwa mbele ni upi, basi? Ni ule unaolinganisha njia mbili au zaidi za matibabu au huduma ambazo mgonjwa anaweza kuzipata kweli, kisha ukapima matokeo anayoyajali yeye. Daktari atataka kujua sukari imeshuka kiasi gani. Mgonjwa naye anataka kujua kama ataweza kulima, kama miguu itaacha kuwaka moto usiku, kama dawa itamla hela yote ya mboga. Yote mawili ni matokeo, lakini kwa miaka mingi la kwanza ndilo lililoandikwa kwenye majedwali. Jina linalotajwa sana katika eneo hili ni PCORI (Patient-Centered Outcomes Research Institute), taasisi isiyo ya kiserikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa aina hii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mageuzi ya bima ya afya ya mwaka 2010. Fedha zake zimetengwa kisheria, na mwaka 2019 muda wake uliongezwa hadi 2029. Ina kamati yake maalumu ya mbinu, ina viwango vyake vya mbinu, na hutenga fungu la kuboresha mbinu peke yake. Uingereza nayo ina mpango wa pamoja wa MRC (baraza la utafiti wa tiba) na NIHR (taasisi ya taifa ya utafiti wa afya) wenye kazi hiyo hiyo.

Mfano mzuri tunao hapa hapa mkoani. Wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa vikope, ugonjwa wa macho unaoambukiza, tangu miaka ya 1980, kwa ushirikiano wa Watanzania na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Vikope vikikomaa, ukope wa juu hujikunja kwa ndani na nywele zake hukwaruza mboni. Kipimo cha kawaida cha hospitali ni ubao wa herufi au alama: mgonjwa anaona mpaka mstari wa ngapi? Kwa kipimo hicho, mama ambaye kope zimeanza kumkwaruza lakini bado anaona vizuri hana ulemavu wowote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ukawauliza akina mama wa Kongwa kuhusu shughuli zao za kila siku, na ikaonekana kwamba kope zilizojikunja ziliwazuia kufanya kazi hata pale uoni ulipokuwa bado mzuri. Kwa maneno mengine, ubao wa herufi ulikuwa ukipima kitu cha kweli na kuacha kingine cha kweli kilichokuwa kikimtesa mgonjwa zaidi. Mtu anayetaka kulinganisha njia mbili za upasuaji wa kope kwa ubao peke yake anaweza kusema hazina tofauti, kumbe moja imemrudisha mama shambani na nyingine haikumrudisha.

Hapo ndipo mbinu inapoingia. Kugundua kwamba kipimo kina tundu ni hatua moja. Kuunda kipimo kingine, kukijaribu kwa watu wa aina mbalimbali, kuona kama mtu yule yule akiulizwa leo na wiki ijayo anajibu sawa, kuona kama kinapanda mgonjwa anapopata nafuu, hiyo ndiyo kazi ya mbinu, na inakula miaka.

Madodoso maarufu ya kupima hali ya maisha ya mgonjwa nayo yana visa vyake. Mojawapo huuliza kama afya inamzuia mtu kupanda ngazi. Mpeleke mdadisi na swali hilo kijijini Bahi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

"Ahsante bibi. Je, afya yako inakuzuia kupanda ngazi?"

"Ngazi za wapi?"

Mdadisi anatazama nyumba ya tembe, anatazama kishikwambi, na fomu haimruhusu kuendelea bila jibu. Anabonyeza "hapana, hainizuii". Bibi huyo, ambaye hawezi tena kujitwika ndoo ya lita 20 wala kupalilia mistari miwili bila kukaa, ameingia kwenye takwimu kama mtu mwenye afya njema. Tatizo si ugumu wa Kiswahili cha dodoso. Kiswahili chake kinaweza kuwa safi kabisa. Shughuli iliyochaguliwa kupima nguvu za mwili haimo katika maisha ya anayeulizwa. Andiko la mbinu litauliza: shughuli zipi za eneo lenye ukame zinabeba uzito ule ule, na tukizibadilisha, bado tutaweza kulinganisha majibu ya Bahi na ya Chicago? Swali hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalomvutia mfadhili.

Lakini tatizo la mbinu linaloumiza zaidi tafiti za kanda hii, kwa maoni yangu, ni la washiriki wanaopotea. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mtafiti akiandikisha wagonjwa wa presha mwezi Agosti na kupanga kuwaona baada ya miezi sita, ameangukia Februari, watu wako kwenye mtama, alizeti na karanga. Kliniki inabaki nusu tupu. Kinachofanyika mara nyingi ni kuwaondoa wasiokuja kwenye hesabu, au kuchukua kipimo chao cha mwisho na kukirudia kana kwamba hakuna kilichobadilika. Njia zote mbili zina dhana ndani yake: kwamba aliyepotea anafanana na aliyebaki, au kwamba hali yake imesimama pale pale.

Je, anafanana? Yuko aliyepotea kwa sababu amepata nafuu, ana nguvu, yuko shamba la mbali. Yuko aliyepotea kwa sababu amezidiwa, barabara imekatwa na korongo, na hakuna wa kumbeba. Wa kwanza akiondolewa, tiba inaonekana mbaya kuliko ilivyo. Wa pili akiondolewa, inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Ukiwachanganya wote kwenye kapu moja la "hakufika", hujui tena umepotoka kuelekea upande gani.

Utafiti wa mbinu hapo hauhitaji dawa mpya hata moja. Unachukua takwimu zilizokamilika, unafuta baadhi kwa makusudi kwa kufuata mpangilio wa msimu wa kilimo, kisha unajaribu njia mbalimbali za kuziba mapengo na kuona ipi inarudisha jibu ulilokuwa unalijua tangu mwanzo. Watakwimu hufanya uigaji huo kwenye kompyuta mara maelfu. Upande wa mgonjwa unaingia hivi: wagonjwa wenyewe ndio wanaojua kwa nini watu hupotea. Kaa nao utasikia kwamba namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ni ya shemeji aliyehamia Dodoma mjini, kwamba shamba liko umbali wa siku nzima, kwamba siku ya mnada kila mtu yuko senta. Basi siku ya kwanza ya kuandikisha unauliza simu ni ya nani na shamba liko wapi, na majibu hayo baadaye yanamsaidia mtakwimu kukisia vizuri zaidi hali ya asiyeonekana. Ufuatiliaji nao unauhamishia siku ya mnada. Hakuna kitabu cha takwimu kitakachokwambia habari ya mnada.

Sasa kuhusu kuomba. Vigezo vya PCORI kwa ruzuku za mbinu vinaanza na pengo: andiko limeonyesha upungufu gani wa kimbinu, na ni mkubwa kiasi gani? Kisha uwezo wa kazi hiyo kuboresha mbinu za wengine, ubora wa kisayansi, timu na mazingira yake, jinsi kazi inavyomweka mgonjwa mbele, na ushirikishwaji wa wagonjwa na wadau. Wanaosoma na kutoa alama si wanasayansi tu. Wagonjwa na wadau wengine wamo kwenye jopo, kwa hiyo sentensi ambazo jirani yako haelewi zitakugharimu. Unaanza na barua ya nia. Ikikubaliwa ndipo unaalikwa kuandika andiko kamili. Matangazo yaliyopita yameweka ukomo wa dola 750,000 za gharama za moja kwa moja kwa miaka isiyozidi 3, ila kila tangazo lisomwe upya kwa masharti yake.

Kuna sharti ambalo wengi hulikuta wakiwa wameshachoka kuandika: anayeomba ni taasisi, si mtu binafsi, na taasisi iliyo nje ya Marekani inaruhusiwa endapo tu itaonyesha manufaa ya wazi kwa huduma za afya za Marekani. Kwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa, hilo lina maana kwamba njia ya kawaida ni kuwa mshirika wa taasisi ya huko, na hoja iwe ya mbinu inayofaa pande zote mbili. Tatizo la wagonjwa wanaohamahama kwa msimu liko kwa vibarua wa mashamba wa California kama lilivyo kwa wakulima wa Chamwino. Ukiliandika hivyo, una hoja.

Kosa la kawaida la barua ya nia ni kuandika mradi wa ugonjwa na kuupachika neno "mbinu" kwenye kichwa. Njia rahisi ya kujikagua ni kufuta jina la ugonjwa kwenye aya ya kwanza na kusoma kilichobaki. "Tutapima kama elimu ya lishe inashusha ____ kwa wanawake wa Mpwapwa" haibaki na kitu. "Tutalinganisha njia nne za kuziba takwimu za wagonjwa wa ____ wasiofika kliniki kwa sababu ya msimu" bado imesimama.

Ushirikishwaji wa wagonjwa nao unachukuliwa kirahisi mno. Kumwita mgonjwa kwenye warsha ya uzinduzi, akapigwa picha na mgeni rasmi, hakumshirikishi. Angalia bajeti kwanza: je, wagonjwa washauri wamewekewa posho kwa muda wao, au wamewekewa soda? Nauli ya kutoka Mvumi je? Kuna mkalimani kwa wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kigogo, au Kirangi kama uko Kondoa? Na kuna mahali panapoonyesha kwamba maoni yao yanaweza kubadilisha mpango, au wanakuja kupiga makofi? Wawili au watatu waliokaa na timu tangu swali linaundwa wana thamani kuliko jopo la watu ishirini wanaokutana mara moja kwa mwaka.

Upande wa nyumbani kuna vibali. Kamati ya maadili ya chuo au hospitali, kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa watafiti wa kigeni, kisha barua za utambulisho zinazoshuka kutoka mkoani kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji usimsahau; ukimruka, hakuna mlango utakaofunguliwa. Takwimu zikitakiwa kwenda nje kwa mshirika, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusika, na makubaliano ya kugawana takwimu yaanze kuandikwa mapema. Mshirika wa nje asiyejua mlolongo huu atakupangia miezi miwili ya maandalizi. Mwambie ukweli kabla bajeti haijafungwa.

Asiye na mshirika wa nje si lazima akae kusubiri. Kazi ya mbinu inaweza kuanza kwa gharama ndogo kuliko majaribio ya tiba, kwa kuwa takwimu za kuanzia mara nyingi zipo tayari: rejesta za kliniki za presha na kisukari, mafaili ya wagonjwa, tafiti za zamani za idara ambazo hakuna aliyezigusa tena. Hesabu tu ya nani hupotea mwezi gani, kwa miaka mitano ya kliniki moja, ni matokeo ya awali ambayo maandiko mengi yanayotumwa hayana. Kwa kazi ya ukubwa huo unaweza kujaribu fungu la ndani la chuo au mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia (MTUSATE) ulio chini ya COSTECH unapotangaza nafasi. Mafaili ya zamani nayo yanahitaji kibali cha maadili, kwa hiyo barua ya kwanza kuandikwa iende kwa kamati ya chuo au hospitali yako, ikiwezekana kabla ya mvua, maana Februari hata wajumbe wa kamati wana mashamba.