Kuhama Tawi la Jeshi: Kuachiwa Kwanza, Kupokelewa Baadaye

Askari anayetaka kuhama kutoka tawi moja la jeshi kwenda jingine huja kwetu na swali moja: "Watanipokea?" Kupokelewa mara nyingi si tabu. Tawi lenye upungufu wa watu humkaribisha kwa mikono miwili mtu ambaye tayari anajua kutii amri, kutunza silaha na kuamka kabla ya jua. Tabu iko kule anakotoka. Mkataba alioutia saini bado ni mzima, na mwenye mkataba ndiye mwenye neno.

Tuchukue Marekani, nchi ambayo utaratibu huu umeandikwa kwa kirefu. Huko kuna matawi 6: jeshi la nchi kavu, la majini, la anga, Marine (askari wa kushambulia kutoka baharini), Jeshi la Anga za Juu na Walinzi wa Pwani. Sheria ya nidhamu ya kijeshi ni moja kwa wote tangu 1951. Jedwali la mshahara wa msingi nalo ni moja, kwa hiyo mtu wa daraja la E-5 (E ni ya askari wasio maafisa, O ni ya maafisa, na namba ni ngazi) mwenye miaka 6 hupata mshahara ule ule wa msingi awe melini au ndani ya kifaru. Kufanana huku ndiko kunakowafanya wengi wadhani kuhama tawi ni kama kubadilishiwa kituo. Sivyo. Kila tawi limewekewa idadi ya watu, limegharamia mafunzo yao, na anayeondoka huacha pengo ambalo mtu fulani atalazimika kulieleza kwa wakubwa zake.

Kwa maafisa, njia iko kwenye sheria yenyewe. Rais anaweza kumhamisha afisa kutoka tawi moja hadi jingine, mradi afisa mwenyewe ameridhia na nafasi ipo kule aendako. Kiutendaji, matawi yote mawili lazima yakubali. Anayehama hawezi kupewa ukubwa kupita ule aliokuwa nao siku moja kabla ya kuhama, kwa hiyo anayewaza kuruka ngazi kwa njia hii apumzike. Na kama fani yake ina uhaba wa watu kule aliko, ajiandae kusubiri, pengine kukataliwa kabisa, hata kama tawi jingine limeshamwandalia kiti.

Askari wasio maafisa walio kwenye utumishi wa kudumu hawana mlango ulio wazi hivyo. Kwa kawaida mtu humaliza mkataba, huruhusiwa kuondoka, kisha huandikishwa upya kwingine akihesabiwa kuwa mtu mwenye utumishi wa awali. Mara chache mlango hupanuliwa. Mwaka 2004 jeshi la nchi kavu, likiwa na vita Iraq na Afghanistan, lilianzisha mpango ulioitwa "Bluu kwenda Kijani", kwa rangi za sare, ili kuwachukua watu wa majini na wa anga wakati matawi yao yakipunguza idadi. Mipango ya aina hiyo huja na kwenda kwa mahitaji ya serikali. Askari asiipangie maisha yake.

Walio jeshi la akiba na Walinzi wa Taifa (askari wa muda wa majimbo) ndio wanaohama zaidi wakiwa bado wamevaa sare, na wao hupitia karatasi inayoitwa Fomu DD 368, ombi la kuachiwa kwa masharti. Inafaa kuitazama kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi. Tawi linalompokea ndilo linaloanzisha, kupitia afisa wa uandikishaji. Fomu inakwenda kwa kikosi cha sasa. Kikosi kinaidhinisha au kinakataa, na kikiidhinisha kinaandika tarehe ambayo idhini hiyo itakufa. Halafu kuna sehemu ya mwisho, ambayo karibu kila mtu huiona kama nyongeza tu: tawi jipya linapaswa kulijulisha la zamani kwamba mtu huyu ameshaapa kwetu, mfuteni kwenye orodha yenu.

Niliwahi kuketi na koplo mmoja wa akiba aliyekuja na bahasha nzuri, fomu ina saini zote, mihuri imekaa vizuri. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku 9. Uchunguzi wake wa afya ulikuwa umechelewa kwa sababu ya goti, wakati fomu ilikuwa ikihesabu siku kimyakimya. Alilazimika kuanza upya, na safari hiyo mkuu wa kikosi alikuwa mwingine, mwenye kikosi pungufu na mkono mzito wa kutia saini.

Wapo pia wanaofanikiwa kuapa, ila ile taarifa ya mwisho haitumwi. Hapo jina la mtu huitwa kwenye vikosi viwili asubuhi moja. Kikosi cha zamani kinaendelea kumsubiri kwenye mazoezi ya mwisho wa wiki, hakimwoni, kinaandika hayupo. Kwenye jeshi la akiba la nchi kavu, wikendi moja ya mazoezi huhesabiwa kama vipindi 4, na kukosa vipindi 9 bila ruhusa ndani ya miezi 12 kunamweka mtu kwenye kundi la wasiotimiza wajibu. Piga hesabu: wikendi mbili na kipindi kimoja cha ya tatu. Mtu anachapa kazi kwa uaminifu huku, na kule anaandikwa mtoro. Kwa hiyo usimwachie afisa wa uandikishaji kazi hiyo kwa imani tu. Omba nakala ya barua iliyotumwa, na umpigie karani wa kikosi cha zamani umuulize kama jina lako bado limo.

Nikiwa hapo hapo kwa afisa wa uandikishaji: anaweza kukuahidi nafasi, hawezi kukuachia kutoka kwenye mkataba wa mwenzake. Akikwambia "usijali, wewe acha kwenda mazoezini, tutayamaliza," ondoka kwenye kiti hicho.

Kwa anayesubiri mkataba wake uishe, karatasi ya kuangalia ni DD 214, hati ya kuondoka. Watu husoma neno "kwa heshima" wakaridhika. Kuna kisanduku kingine chenye msimbo unaoanza na herufi RE, nacho kinasema kama unaruhusiwa kuandikishwa tena. RE-1 ni njia nyeupe, RE-3 ina kasoro inayohitaji msamaha, na RE-4 kwa kawaida ni mlango uliofungwa. Nakala fupi ya hati hiyo haionyeshi kisanduku hicho, kwa hiyo omba ndefu. Na kama ulipokea bakshishi ya kujiandikisha na hujaitumikia yote, uliza mapema ni kiasi gani utadaiwa kurudisha.

Gharama isiyoonekana kwenye karatasi ni cheo, na simaanishi mshahara. Chukua daraja la E-4. Kwa Marine huyo ni koplo, kiongozi, mwenye watu chini yake na anayetarajiwa kuwarekebisha wakikosea. Akivukia jeshi la nchi kavu, mara nyingi E-4 yule yule huvaa alama ya mtaalamu asiye na amri juu ya mtu. Pesa haijabadilika, ila jana alikuwa akipanga zamu na leo anapangiwa. Kwa maafisa mambo huchekesha zaidi: kapteni wa nchi kavu ni daraja la O-3, kapteni wa majini ni O-6, sawa na kanali. Akijitambulisha vibaya kwenye simu, mtu atasimama wima bila sababu.

Halafu kuna depo. Marine hawapokei askari kwa sifa za kwingine. Hata ukiwa na miaka 5 ya majini utapita mafunzo ya kuruti ya wiki 13 kwenye kituo chao cha Parris Island au San Diego, ukifokewa na mtu pengine mdogo kwako kiumri. Upande wa pili ni mwepesi: aliyepita depo ya Marine akienda nchi kavu kwa kawaida hapelekwi tena kwenye mafunzo ya awali, ingawa fani mpya lazima aisomee.

Je, inafaa? Ninavyoona mimi, inategemea unakimbia nini. Kama unamkimbia mkuu wako, omba uhamisho wa kikosi, kwa sababu wakubwa wagumu wako kila tawi, tena wengine wana sauti kubwa zaidi. Kama umechoka na fani, omba kubadilishiwa fani ndani ya tawi lako kabla ya kufikiria kuapa upya. Ni rahisi, na huachi jina ulilolijenga.

Ila kuna kazi ambazo tawi lako halina kabisa, na hapo kuhama ndiyo njia pekee. Marine hawana madaktari, wauguzi wala makasisi wao wenyewe. Jeshi la majini ndilo linalowapa. Kijana wa Marine mwenye ndoto ya uuguzi hana budi kuvuka kwenda tawi jingine, na akienda majini baadaye anaweza kujikuta akiwatibu wenzake wa zamani. Jeshi la nchi kavu nalo huwapokea watu wa matawi mengine wanaotaka kuwa marubani wa helikopta bila shahada ya chuo, wakiwa na cheo kilicho kati ya askari na afisa.

Jeshi la Anga za Juu limeonyesha jinsi milango inavyoweza kuwa myembamba hata inapotangazwa. Lilianzishwa tarehe 20 Desemba 2019, na 2020 likaanza kuwachukua watu wa jeshi la anga waliokuwa tayari kwenye kazi hizo. Hata hao hawakusombwa kama mizigo. Waliombwa kujitolea na kuapa. Mwaka 2021 lilipofungulia nchi kavu, majini na Marine, waombaji walipita 3,700 na kundi la kwanza lililochaguliwa lilikuwa watu 50.

Ukishavuka, kuna jambo moja la mwezi wa kwanza. Miaka ya utumishi haipotei kwa kuhama: ya tawi la zamani huingia kwenye hesabu ya mshahara na kwenye ile miaka 20 ya kustaafu. Lakini huingia kwa mkono wa karani, na karani huchoka kama watu wengine. Fungua hati yako ya mshahara uangalie tarehe ambayo miaka yako ya malipo inaanzia. Ukikuta siku uliyoapa upya badala ya siku uliyoapa mara ya kwanza, chukua DD 214 au barua ya utumishi wako wa zamani, nenda dirishani kwa malipo siku hiyo hiyo, na usiondoke bila nakala yenye muhuri wa kupokelewa.