Akili mnemba kwenye masomo ni nini hasa, na inamsaidia mwanafunzi au inamharibu?

Wengine wanaiita akili bandia, wengine akili unde, mimi nimezoea akili mnemba. Kwa lugha ya kawaida ni programu iliyolishwa maandishi mengi mno mpaka ikajua neno gani huwa linafuata neno gani, ukiiuliza kitu inakupangia jibu neno kwa neno. ChatGPT ndo imefanya kila mtu aijue, ilitoka Novemba 2022, Januari 2023 shule za serikali za jiji la New York zikaifungia, Mei zikabadili msimamo.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, darasa lao lina watoto zaidi ya 80, mwalimu atamrudia nani amwache nani? Usiku akachukua simu ya mama yake akauliza kwenye 3x + 7 = 22 kwa nini tunatoa 7 pande zote mbili, ikamwelezea kwa mfano wa mizani ya dukani, hakuelewa, akaiambia irudie taratibu, ikarudia, mara ya tatu akashika na swali lililofuata akafanya mwenyewe. Haikuchoka wala haikumcheka, na kwa mtoto anayeogopa kunyoosha mkono darasani hiyo ni kubwa sana jamani.

Sasa wiki iliyofuata akapewa asaimenti ya vita vya Maji Maji, akakopi jibu lote kama lilivyo. Kiswahili kimenyooka, ila eti Kinjikitile, yule mganga aliyegawa maji ya dawa, alikamatwa 1907 vita vikiisha, wakati Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita ndo kwanza vinaanza! Nikamuuliza Ngarambe, kijiji cha Kinjikitile, ni wapi, kimya. Hapo ndo hatari ilipo, programu inapanga maneno yanayofanana na ukweli, ikikosea inakosea kwa kujiamini kulekule, na mtoto ambaye hajasoma chochote hana cha kulinganishia.

Na walimu msitegemee sana zile programu za kukamata kazi zilizoandikwa na akili mnemba, OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023 wakaiondoa Julai kwa sababu ilikuwa inakosea mno, unaweza kumwadhibu mtoto aliyeandika kwa jasho lake.

Tumekubaliana na mpwa wangu kwamba daftari linatangulia, hata akiandika nusu ukurasa, simu baadaye, na kila mwaka au jina analopewa anaangalia kwenye kitabu. Juzi kanipigia saa tatu usiku, “Mjomba, imekosea tena!”, akanisomea ukurasa wenyewe.